"Set" na "run": lipi lina maana nyingi zaidi, na mwanafunzi afundishweje?

Mwalimu wa Kayole aliuliza:

Hamjambo nyote. Ninafundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule moja ya sekondari msingi huku Kayole, na wiki hii nimerudi nyumbani na rundo la madaftari lililonichekesha na kunitia wasiwasi kwa wakati mmoja. Niliwapa wanafunzi wa Gredi ya 8 sentensi kumi za Kiingereza wazitafsiri kwa Kiswahili, na kwa makusudi nikahakikisha kwamba kila sentensi ina ama "set" ama "run", kwa kuwa nilitaka wajionee wenyewe kwamba neno moja halifungwi kwenye maana moja. Aliyekutana na "The sun had set" akaandika "Jua lilikuwa limeweka", bila kutuambia limeweka nini wala wapi. Mwingine, kwa "My uncle runs a shop on River Road", akaandika "Mjomba wangu hukimbia duka River Road", nami nikamwona huyo mjomba akitimua mbio huku duka likimfuata nyuma. Mfereji ulikimbia, pua ikakimbia, rangi ya shati ikakimbia ilipofuliwa, na mwanasiasa naye akakimbia kiti cha ubunge, jambo ambalo mimi binafsi sijawahi kulishuhudia.

Makosa hayo nitayasahihisha. Kilichonikwamisha ni swali la msichana mmoja wa dawati la mbele: "Mwalimu, kati ya haya mawili, lipi lina maana nyingi zaidi?" Nilimjibu bila kusita kwamba ni "set", kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa chuoni, lakini nilipolisimulia jambo hilo kwenye majilisi, mwenzangu mmoja akanikatiza akisema kwamba "run" lilikwisha kulipiku zamani na kwamba ninawalisha watoto habari zilizochacha. Nimejaribu pia kutengeneza jedwali la maana zote pamoja na visawe vyake vya Kiswahili ili nilibandike ukutani, na nilipofika kisawe cha 27, nikiwa bado sijaondoka kwenye "run", kalamu niliiweka chini.

Naomba mnisaidie kwa mawili. Ukweli ni upi kuhusu wingi wa maana za maneno haya? Na je, kuna njia ya kuyafundisha isiyokuwa ya kumkaririsha mtoto orodha ndefu?

Mfasiri wa Ngara alijibu:

Mwalimu, wewe na mwenzako nyote mmesema kweli, ila kila mmoja amesoma toleo lake. Toleo la pili la Kamusi ya Oxford ya Kiingereza, lile la juzuu 20 lililotoka mwaka wa 1989, liliipa "set" maana 430, na maelezo ya neno hilo moja yalichukua takribani maneno 60,000, ambayo ni marefu kuliko baadhi ya riwaya tunazowasomesha watoto. Rekodi hiyo ndiyo iliyoingia katika vitabu vya maswali na majibu, na ndiyo uliyofundishwa chuoni. Baadaye wahariri wa kamusi hiyohiyo walianza kuipitia upya na kuichapisha kwenye mtandao kuanzia mwaka wa 2000, na walipolifikia neno "run", mwaka wa 2011, kitenzi chake peke yake kilipatikana kina maana 645. Mhariri aliyelishughulikia, Peter Gilliver, alilikalia neno hilo kwa muda wa miezi tisa. Hapo ndipo mwenzako alipopata habari yake.

Hata hivyo, mimi nisingemwambia yule msichana kwamba "run" limeshinda, kwa maana mizani iliyotumiwa si moja. Hesabu ya 430 ni ya kamusi ya 1989, ambayo kwa sehemu kubwa ilibeba kazi ya toleo la kwanza lililotolewa kidogo kidogo kati ya 1884 na 1928, wakati ile ya 645 ni ya wahariri wa karne hii wenye kompyuta na hazina kubwa zaidi ya maandishi. Mhariri mwenye subira anaweza kuigawa maana moja ikawa tatu, na mwenye haraka akazifunga tatu katika moja, na wote wawili wasiwe wamekosea. Kuhesabu maana ni kama kuhesabu vilima vya Ngong: inategemea unaamua bonde linaanzia wapi.

Lenye faida kubwa zaidi darasani, kwa maoni yangu, ni asili ya maneno yenyewe, kwa sababu asili ndiyo inayoonyesha kwamba maana hizi hazikutawanyika ovyo. Anza na "set". Kitenzi hiki ni ndugu wa "sit", na zamani kilikuwa na kazi ileile ambayo sisi huifanya kwa kiambishi cha kusababisha. Mtu anayeketi anafanya "sit", na anayemketisha mwenziwe au kukiketisha kitu mahali pake anafanya "set". Kiingereza kilikuwa na jozi nyingi za namna hiyo, na chache zimesalia mpaka leo, kama vile "lie" na "lay", ambazo kwetu ni kulala na kulaza, na "fall" na "fell", ambazo ni kuanguka na kuangusha, ndiyo maana mkata miti husemwa kuwa ana "fell" mti. Mtoto anayejua kulala na kulaza tayari anaujua utaratibu huu, ila hajaambiwa kwamba Waingereza nao waliwahi kuwa nao. Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kuku: Kiingereza husema "to set a hen" kwa kumweka kuku juu ya mayai, nasi tuna kuatamia na kuatamisha. Hapo "set" linaonekana bila vazi lolote, linaketisha tu.

Ukishaishika maana hiyo ya kukiketisha kitu mahali pake kikae imara, nyingi za zile 430 zinaanza kujipanga. Mfupa uliovunjika huwekwa mahali pake ukaungwa, kito hupachikwa kwenye pete, saa hurekebishwa, tarehe huwekwa, mtihani hutungwa. Saruji, jeli na uji uliopoa navyo ni vitu vilivyotulia vikaacha kutikisika, japokuwa Kiswahili hakisemi vimewekwa bali husema saruji imeshika na uji umeganda.

Lakini kuna nomino "set" yenye maana ya mkusanyiko wa vitu vya aina moja, na hiyo, ingawa inaandikwa na kutamkwa sawasawa na kitenzi, ilizaliwa kwingine. Ilipita katika Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini "secta", yaani kundi la wafuasi, neno lilelile lililowapa Waingereza "sect", na baadaye ikaegemea kitenzi hadi watu wakazidhani ni moja. Kumbuka sasa ni nini hasa Kiswahili kilichokopa. Tuna seti ya sufuria, tuna seti katika hisabati, na magazeti yetu huandika kwamba timu ya voliboli imeshinda kwa seti tatu bila jibu. Karibu zote hizo zimetoka kwenye ile nomino. Kitenzi chenyewe Kiswahili sanifu hakikukihitaji, kwa kuwa kila kazi yake ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. (Najua huku mitaani vijana husema mtu "amesetiwa" wakimaanisha ametegewa mtego. Hilo nawaachia wao.)

Kwa upande wa "run", wanafunzi wako wamedhani kwamba maji yanayo "run" yameazima neno la wanariadha. Katika lugha za ukoo wa Kiingereza, mtiririko na mbio ni vya shina moja tangu kale, na hadi leo Mjerumani ana "rinnen" kwa kutiririka na "rennen" kwa kukimbia, maneno mawili ya jamaa moja. Kwa hiyo mfereji, pua na rangi ya shati ni wenyeji katika neno hili kama alivyo mwanariadha. Wageni ni mashine. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu unene wa "run" ni kwamba karne za mitambo zilililisha: saa ya ukutani ilianza ku "run", kisha injini, kisha kiwanda, kisha kampuni inayomiliki kiwanda, na siku hizi programu ya kompyuta. Reli ilipofika hapa Nairobi mwaka wa 1899 ilikuja na Kiingereza ambacho ndani yake treni zilikwisha kuwa zina "run" kwa ratiba, lakini sisi tuliliita gari la moshi, nalo likawa linaondoka, linakwenda na linafika, na halikuhitaji kukimbia hata siku moja.

Binti Mvita alijibu:

Nimewasoma kwa furaha, Mwalimu na Mfasiri. Mimi nimezaliwa Mombasa na ninaishi South B, na naona lipo jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni kwamba baadhi ya maneno yetu yana upana unaokaribiana na huo wa Kiingereza, ila upana huo hauonekani kwa kuwa tumeuzoea.

Mtoto aliyeandika "Jua limeweka" alikuwa karibu na mlango, ila alishika kitasa kisicho chake. Jua hutua. Kitenzi hichohicho ndicho tunachotumia ndege inapofika uwanjani, mpagazi anapoushusha mzigo kichwani, na moyo uliokuwa ukienda mbio unapopata utulivu. Kutokana na kutua tukapata kituo, kile cha matatu na kile cha kwenye maandishi kinachompumzisha msomaji. Ukiyatazama haya pamoja utaona ni wazo lilelile alilolieleza Mfasiri, la kitu kuachiliwa kikae mahali pake. Kwa hiyo Kiingereza na Kiswahili vililitazama jua la magharibi vikaliona linafanya jambo moja, na tofauti ni kwamba sisi tunalo kuchwa pia, ambalo ni la jua na siku tu, na ndilo lililozaa machweo.

Kuhusu meza, shuleni nilipokuwa huku bara niliwahi kukosolewa kwa kuandika kwamba mama "ameandika meza". Mwalimu aliyekuwa akisahihisha alichora duara jekundu na kuniuliza kama mama alitumia kalamu. Kwetu meza huandikwa, maana yake vyombo hupangwa juu yake tayari kwa chakula, na matumizi hayo ni ya zamani sana katika Kiswahili cha pwani. Kwa hiyo "set the table" kwa mtoto wa Mvita ni kuandika meza na kwa mtoto wa Kayole ni kuandaa meza, na ningependa wote wawili wapewe alama.

Neno jingine ninaloliona lina tabia ya "set" ni kutega. Tunatega mtego, tunatega sikio, tunatega ndoo penye mchirizi wa mvua, na tunatega kitendawili, ndiyo maana anayeambiwa "Kitendawili!" hujibu "Tega!". Na kwa mabaharia, jahazi linapo "set sail", tanga hutwekwa na nanga hung'olewa, wala hakuna anayeweka chochote.

Kwa "run" ningemtahadharisha mtoto kuhusu neno lenyewe la kukimbia, kwa sababu si mbio tu. Kukimbia kwetu kuna hofu ndani yake. Anayekimbia ana kinachomfukuza, na ndiyo maana mkimbizi ni mtu aliyeihama nchi yake kwa vita au dhuluma, wakati yule wa riadha ni mkimbiaji. Mwanafunzi wako aliyemwandika mwanasiasa kuwa "alikimbia kiti" alisema kwamba kiti kilimtisha.

Mzee wa Kamusi alijibu:

Ninakubaliana na mengi, ila nina pingamizi juu ya hizo 430 na 645. Sehemu kubwa ya unene huo inatokana na vijineno vinavyofuatana na kitenzi. "Run out" ni kuishiwa, "run over" ni kumgonga mtu kwa gari, "run into" ni kukutana na mtu bila kutazamia, na "set off" ni kuanza safari au kulipua baruti. Mimi ninashikilia kwamba haya ni maneno kamili yaliyoandikwa kwa vipande viwili, na kuyahesabu kuwa maana za "run" au "set" ni kulinenepesha neno kwa nyama ya jirani. Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo ndani ya neno lenyewe kwa minyambuliko, kama vile kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbilio, mkimbizi, na hakuna anayetuambia kwamba hizi zote ni maana za "kimbia". Tungehesabu kwa mtindo wa Oxford, kitenzi chetu nacho kingetajwa katika vitabu vya rekodi.

Nimwongezee Mwalimu jambo la sarufi ambalo huwaponza watahiniwa wengi. "Set" haibadiliki katika wakati uliopita, tofauti na "run" linalogeuka kuwa "ran". Sentensi "The teachers set the exam" haituambii kama walimu hutunga au walitunga, na Kiswahili hakimruhusu mtafsiri kukwepa, kwa sababu ni lazima achague hu- au li-. Mahali pekee pa kuokokea ni nafsi ya tatu umoja: ukiona "She set" bila herufi ya s mwishoni, hapo ni wakati uliopita, hakuna mjadala.

Mfasiri wa Ngara alijibu:

Mzee wangu, pingamizi lako nalipokea nusu. Ni kweli kwamba "run out" lingestahili chumba chake, lakini hata ukiyaondoa maneno yote ya vipande viwili, bado unabaki na duka, injini, homa, habari iliyochapishwa gazetini na matatu ya namba 58 inayokwenda Buruburu, ambavyo vyote huchukua "run" likiwa peke yake. Kinachobadilika ni yambwa au kiima chake.

Na hapo ndipo lilipo jibu langu kwa swali la pili la Mwalimu. Usimfundishe mtoto maana za "run", mfundishe aulize "run" nini, au ni nini kinacho "run". Duka huendeshwa, maji hutiririka, nguo huchuja, homa humshika mtu, habari huchapishwa, matatu hupiga ruti yake. Katika kazi yangu ya kutafsiri sijawahi kuanza na kitenzi. Huitafuta nomino kwanza, na nomino yenyewe huniambia inafuatana na kitenzi gani katika Kiswahili.

Juu ya mwanasiasa, kuna jambo la kufurahisha kidogo. Marekani mgombea huwa ana "run", Uingereza huwa ana "stand", yaani anasimama, na Kiingereza chetu cha hapa Kenya hupendelea "vie". Kiswahili kikasema hugombea, kutokana na kugomba. Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, sisi tunagombana, na kwa mtu aliyewahi kupita Nairobi wakati wa mchujo wa vyama, sina hakika ni lugha gani iliyosema uongo.

Mwalimu wa Kayole alijibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Binti Mvita, kwa kuwa nimekumbuka kwamba nami niliwahi kumchorea mtoto duara jekundu kwa neno lililonishinda mimi mwenyewe.

Leo nimelijaribu pendekezo la Mfasiri, lakini kwanza niliwageuzia kibao. Niliandika ubaoni kupiga simu, kupiga picha, kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga kura, kupiga magoti na kupiga hodi, nikawaambia wamweleze Mwingereza anayejua kwamba "piga" ni "beat" na hajui zaidi. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Kijana mmoja alisema huyo Mwingereza atadhani nyumba za Kayole zimejaa watu wanaochapa simu zao, nguo zao na meno yao. Nilipowauliza ni kitu gani kilichowafanya wasichanganyikiwe tangu utotoni, yule msichana wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, sisi tunaangalia kinachopigwa." Sikuwa nimemdokezea, na sikuongeza neno.

Kisha tulirudi kwenye zile sentensi kumi. Waliyapata mengi. Mjomba wa River Road sasa anaendesha duka lake kwa amani, shati limechuja, na saruji imeshika, jibu lililotoka kwa mtoto ambaye baba yake ni fundi mwashi na ambaye hakulihitaji jedwali langu hata kidogo. Kuhusu nani mshindi kati ya 430 na 645, niliwaambia kwamba hesabu hizo zimetoka katika vitabu viwili vya nyakati mbili. Msichana akaonekana kutoridhika, kwa kuwa alitaka mshindi mmoja.

Limebaki jambo moja. Sentensi ya mwisho ilikuwa "The date has been set", na yule kijana wa "Jua lilikuwa limeweka" aliandika "Tarehe imewekwa". Nimeitazama mara mbili nikihofia kwamba amebahatisha tu kwa kushikilia neno lake lilelile la kuweka. Je, nimpe alama?

Binti Mvita alijibu:

Mpe, Mwalimu. Tarehe huwekwa. Na umwulize ni nani aliyeiweka, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo jua halikuweza kumjibu.